Jezi Moja Njoro

Timu ya raga ya Chuo Kikuu cha Egerton huanza kuundwa kabla mchezaji hata mmoja hajafika Njoro, kaunti ya Nakuru. Huanzia kwenye kompyuta za KUCCPS, shirika la serikali linalowagawia waliomaliza kidato cha nne nafasi katika vyuo vikuu, kazi iliyokuwa ya bodi ya JAB hadi Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ilipobadilisha utaratibu. Kijana wa Kakamega aliyeomba kilimo, wa Machakos aliyetaka ualimu, wa Nyeri aliyetamani udaktari akapungukiwa na alama, wote hujikuta wameelekezwa mahali pamoja ambapo wengi wao hawajawahi kukanyaga. Hakuna kocha aliyewachagua. Hakuna aliyewauliza kama wanaweza kukimbia na mpira mkononi. Wanashuka kwenye matatu na masanduku yao, wanapokewa na baridi ya mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wanatafuta chumba Njokerio, nje ya chuo, ikiwa hosteli zimejaa, na katika majuma ya kwanza baadhi yao wanasikia kwamba jioni kuna mazoezi ya raga.

Hivyo ndivyo Egerton Wasps inavyopata watu wake. Wapo wanaokuja wakiwa wameiva, kwa kuwa wametoka katika shule zenye historia ndefu ya mchezo huu: Kakamega School, Maseno, St. Mary's Yala, au hapa karibu, Menengai High na Njoro Boys. Wapo wengine ambao siku hiyo ndiyo ya kwanza kuugusa mpira wenye umbo la yai. Wote wanapewa kazi zile zile: kukimbia, kuanguka, kuinuka, kuangushwa tena.

Nimeifuata raga ya vyuo katika Bonde hili la Ufa kwa muda mrefu, na kadiri ninavyoifuata ndivyo ninavyosadiki kwamba jambo lake kubwa halimo katika jedwali la ligi. Limo katika huko kukutanishwa. Katika nchi ambayo mtu huulizwa kwao wapi kabla hajaulizwa jina, hapa kuna watu kumi na watano wanaovaa jezi moja ilhali wengi wao kwao si Njoro.

Wazo hili liliniingia vizuri zaidi nilipoanza kusoma habari za Ayalandi. Hiyo si nchi ngeni Bondeni. Bruda Colm O'Connell, mwalimu wa jiografia kutoka Cork, alifika St. Patrick's Iten mwaka 1976 na kuwalea wakimbiaji waliotikisa dunia, na kabla yake na baada yake wamisionari wengi wa Kiayalandi wamefundisha na kutibu watu huku. Walituletea shule, zahanati na kanisa, lakini mchezo wanaoupenda kuliko yote waliuacha kwao. Unaitwa hurling. Wachezaji ni kumi na watano kila upande, sawa na raga. Kila mmoja ana kigongo cha mbao kilichopinda na kupanuka mwishoni, na mpira mdogo wa ngozi hupigwa hewani kwa kasi ambayo mgeni haifuati kwa jicho. Milingoti yao ina umbo la H kama yetu ya raga. Ukipitisha mpira juu ya mwamba unapata pointi moja, ukiuingiza wavuni chini yake unapata tatu. Chama kinachouendesha, GAA, kiliundwa katika mji wa Thurles mwaka 1884, na mpaka leo wachezaji wake hawalipwi mshahara.

Wasicholipwa kwa fedha wanalipwa kwa uenyeji. Mcheza hurling ni wa parokia yake. Klabu yake ni ile ya baba yake na ya babu yake, na akiwa hodari sana ataitwa kuichezea kaunti yake, Limerick au Tipperary, Kilkenny au Clare, mbele ya maelfu ya watu waliomjua tangu ubatizo. Kaunti hizi zina uhasama wa kimichezo usioisha, na mtu hahami kaunti kirahisi kwenda kutafuta kombe kwingine. Halafu, katikati ya baridi ya mwanzo wa mwaka, huja mashindano ya vyuo vikuu, Kombe la Fitzgibbon. Lilianza kushindaniwa mwaka 1912, na limepewa jina la Padri Edwin Fitzgibbon, Mkapuchini aliyekuwa profesa wa falsafa chuoni Cork. Kwa majuma machache tu, kijana wa Limerick na kijana wa Tipperary wanaosoma darasa moja huvaa jezi moja. Wanapigiana pasi, wanafunikiana makosa, wanakaa basi moja usiku wakirudi chuoni. Kiangazi kikifika wanasimama tena pande mbili za uwanja, kila mmoja na kaunti yake, na hakuna anayemhurumia mwenzake. Ila sasa kila mmoja anajua sauti ya mwingine anapochoka.

Kwa Waayalandi hayo ni mapumziko mafupi kutoka katika asili zao. Kijana anajua kwao, anaazimwa na chuo, anarudishwa. Kwetu Bondeni mambo hayako hivyo, na ndiyo maana naona raga ya chuo inabeba mzigo mzito kuliko Fitzgibbon.

Chuo chenyewe na mchezo wenyewe, vyote viwili vilianzishwa kwa ajili ya watu wengine. Bwana Maurice Egerton, mlowezi wa Kiingereza aliyejijengea kasri upande huo huo wa Njoro, alifungua shule ya kilimo mwaka 1939 ili vijana wa Kizungu wafunzwe kuendesha mashamba. Mwafrika alikuwa na nafasi kwenye mashamba hayo, lakini si darasani. Raga nayo ilikuwa ya walowezi. Kombe la Enterprise, kongwe kuliko mengine yote ya raga katika eneo letu, lilianza kuchezwa mwaka 1930, na Nakuru wakati huo ilikuwa kitovu cha nyanda zilizotengewa Wazungu. Shule ikawa chuo cha kilimo, mwaka 1987 ikawa chuo kikuu kamili. Mchezo nao ulihamia mikono mingine polepole, na vyuo vilisaidia sana katika kuuhamisha. Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilitwaa Kenya Cup, ligi kuu ya raga nchini, mwaka 1977, msimu wake wa kwanza, ikiwa timu ya wanafunzi mbele ya klabu zilizozoea kuuona mchezo huu kuwa mali yake.

Mashamba yalihamia mikono mingine pia, na hapo ndipo kidonda kilipo. Baada ya uhuru watu walikuja Nakuru kutoka pande zote kununua ardhi au kugawiwa. Njoro kuna mahali panaitwa Ndeffo, na jina hilo linatokana na shirika la waliokuwa wapiganiaji uhuru wa wilaya ya Nakuru walioungana kununua shamba. Hawako mbali na Mauche, ambako wengine waliwekwa kutoka msituni Mau. Kila kijiji kina hadithi yake ya namna walivyofika, na kila hadithi ina mtu mwingine anayeikana. Mwaka 1992 Molo na Olenguruone ziliwaka kwa mapigano ya kikabila. Mwanzoni mwa 1998 ikawa zamu ya Njoro. Januari 2008 ikawa Nakuru mjini, kisha Naivasha. Tume ya Jaji Philip Waki iliandika kwamba waliouawa nchini baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walikuwa 1,133.

Siku zile barabarani kulikuwa na vizuizi vya mawe na magogo. Gari lilisimamishwa, abiria wakaamriwa watoe vitambulisho, na jina likasomwa kwa sauti. Jina la pili au la tatu ndilo lililokuwa hukumu. Waliookoka walikimbilia walikoweza, na wengi waliishia kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru, ambao ulijaa mahema kutoka ukingo hadi ukingo. Uwanja huo leo ni nyumbani kwa Menengai Oilers, mojawapo ya klabu za Kenya Cup. Jumamosi alasiri watu wanalipa kiingilio, wananunua mahindi ya kuchoma na soseji, wanapiga kelele. Sijawahi kukaa pale nikatazama mechi tangu mwanzo hadi mwisho bila kukumbuka mahema, na nadhani wengi wa umri wangu hukumbuka vilevile, ingawa hatuambiani.

Kwa hiyo ninapomsikia nahodha wa timu ya chuo akisoma majina ya watakaoanza mechi, moyo wangu unashtuka kidogo, halafu unatulia. Ni orodha ile ile ya makabila yetu. Jina la Kiluhya, la Kikuyu, la Kijaluo, la Kikalenjin, la Kikamba, la Kigusii, yakifuatana kwa nambari za jezi, na kila anayeitwa anasogea mbele kuchukua yake. Majina yanasomwa kwa sauti katika Bonde la Ufa, na wanaoitwa wanafurahi kuitwa.

Atakayeniambia kwamba huu ni mchezo tu, ningemwomba asimame mita chache kutoka kwenye skramu. Wachezaji wanane kila upande, zaidi ya kilo 700 za miili, wanajipanga kusukumana kuugombea mpira mmoja. Huka anasimama katikati, mikono yake ikiwazunguka mapropu wawili; nyuma yao wawili warefu wamefungamana wao kwa wao na kupenyeza vichwa katikati ya mapaja ya wa mbele; wengine wameshika pembeni, na wa nane ameshikilia wote kutoka nyuma. Mwamuzi anatoa amri zake: inameni, shikaneni, ingieni. Vichwa vinakutana kwa mshindo unaosikika hadi kwenye nyasi za pembeni. Propu akiteleza, akiachia jezi ya mwenzake au akishuka goti kwa hila, skramu inaporomoka, na shingo inayokuwa chini ni ya mtu wa timu yake mwenyewe kama ilivyo ya mpinzani. Hivyo mtoto wa Kuresoi amempa shingo yake mtoto wa Murang'a aishike, mara baada ya mara, kwa dakika themanini, kwenye mvua ya Aprili au kwenye vumbi la Januari. Hawakuhutubiwa kuhusu amani. Wamefanya mazoezi ya kutoachiana.

Hata lugha inapata kazi nyingine pale. Mpira unaporushwa kutoka nje ya mstari, timu hutumia misimbo ambayo wapinzani hawapaswi kuielewa, na msimbo unaweza kutungwa kwa lugha yoyote ya nyumbani, mradi upande wa pili hauna mwenyeji wake. Hapo lugha ya mama inakuwa silaha ya timu nzima, na wale ambao si yao wanaikariri usiku mpaka inawakaa ulimini. Nyakati zingine lugha hizo hizo ndizo zilizotumika kuulizana nani ni nani kabla ya kupiga au kuacha.

Sidai kwamba chuo ni peponi. Siasa za wanafunzi zimekuwa za kikabila kwa kiasi cha kutia aibu, na vyama vya watu wa kwetu hustawi katika kila kampasi. Bunge lilipobadilisha Sheria ya Vyuo Vikuu mwaka 2016 na kuweka wajumbe wa kuwachagua viongozi wa wanafunzi badala ya kila mmoja kupiga kura moja kwa moja, moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa fujo na ukabila wa kampeni hizo. Inawezekana kabisa mchezaji anayemshika mwenzake kwenye skramu Jumamosi akampigia kura mtu wa kwao Jumatatu. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho kinanitosha: kwamba anapopiga kura hiyo kuna watu kumi na wanne ambao kwake si kabila tena, ana majina yao ya utani, anajua nani hulia akiumia na nani huimba akiwa na hofu, na hataweza kuyasahau hayo hata akitaka. Mikutano ya maridhiano ya hotelini haijanionyesha hata robo ya jambo hilo.

Kwa wasichana njia ni ngumu zaidi. Timu ya taifa ya wanawake, Lionesses, imecheza Olimpiki mara mbili, Rio na Tokyo, lakini vyuoni raga yao hupewa masazo ya kila kitu: muda wa uwanja, jezi, nauli. Hilo linastahili makala yake peke yake, na mwandishi aliyeicheza.

Msimu wa timu ya chuo hauna utulivu. Egerton wamecheza katika Championship, ligi ya daraja la pili iliyo chini ya Kenya Cup, na ratiba ya ligi haijui mtihani wala muhula. Klabu ya mjini ikiwa na mechi ngumu Machi, wachezaji wake wanaomba ruhusa kazini. Timu ya chuo ikiwa na mechi hiyo hiyo, huenda wachezaji wamerudi nyumbani likizo, kila mmoja kaunti yake, na nauli ya kuwarudisha haipo. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa korona na msimu huo wa ligi ukakatika usimalizike. Waliokuwa mwaka wa mwisho walimaliza safari yao ya raga wakiwa wamekaa kwa wazazi. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kwa takriban majuma saba. Mgomo kama huo unapoanza, magazeti huandika juu ya mishahara na masomo, na ni sawa, ndiyo mambo makubwa. Lakini pia kuna timu inayosambaratika kimya kimya. Wachache hubaki Njokerio, wanachangiana unga na sukumawiki, wanafanya mazoezi wakiwa wanane au tisa, wakisubiri wenzao.

Na hata mambo yakienda sawa, timu ya chuo haikai pamoja. Shahada nyingi ni za miaka minne. Skramu inayoanza kuelewana mwaka huu, mwakani imepoteza propu na huka kwa mahafali. Nimewasikia makocha wakilalamika kwamba wanajenga ili wengine wachukue, na hapa Nakuru wachukuaji wako karibu. Nakuru RFC, ambayo mashabiki wa kila kabila huiita Wanyore bila kujali kama wamewahi kufika Emuhaya kwa Wanyore wenyewe, ilitwaa Kenya Cup mwaka 2013 na tena 2014, ikawavunjia Nairobi mazoea ya kuona kombe hilo ni la kwao. Nelson Oyoo na Oscar Ouma, wana wa klabu hiyo, walikuwamo katika kikosi cha taifa cha wachezaji saba kilichoilaza Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali ya Singapore, Aprili 2016, siku ambayo watu walikumbatiana barabarani Nakuru bila kujuana. Kijana anayemaliza Egerton akiwa na mguu mzuri ataitazama milango hiyo, na ni haki yake.

Wengi hata hivyo hawaendi huko. Wanaenda kufundisha fizikia Olenguruone, kuwa maafisa wa kilimo Ndeffo, kukopesha wakulima katika Sacco za Molo. Hao ndio ninaowafikiria zaidi. Mtu aliyefunzwa kushika na kutoachia anapelekwa na serikali katikati ya vijiji ambavyo vina hesabu ya zamani kati yao, na ana simu yenye namba za watu wa kila upande. Mwaka 2008 watu waliookolewa katika Bonde hili mara nyingi waliokolewa hivyo: mtu mmoja alimpigia mmoja na kumwambia usipite njia hii, au njoo ulale kwangu. Urafiki ulikuwa umejengwa mahali fulani kabla ya moto, shuleni, kazini, kanisani, uwanjani. Baada ya moto kuwaka hakuna tena muda wa kuujenga.

Ndiyo sababu inaniuma kuona raga ya vyuo ikihesabiwa kuwa burudani ya kukatwa kwanza bajeti inapobana. Basi la timu kwenda Kakamega na kurudi ni gharama ndogo mno ukiilinganisha na gharama ya lori moja la polisi kwa siku moja ya ghasia, na hilo la polisi halijawahi kukosa mafuta.

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Agosti ni msimu wa raga ya wachezaji saba kila upande, na Nakuru kwa kawaida huwa na mashindano yake katika msururu wa kitaifa. Waliojiunga na Egerton mwaka 2024 watakuwa wanakaribia mwaka wao wa mwisho, wakiwa katika ubora wao. Mazoea yetu ni kufunga kila kitu mwezi kama huo: vyuo vinawaambia wanafunzi waende makwao, maduka yanashusha milango, na kila mtu anarudi miongoni mwa watu wake kungoja matokeo. Ningependa mwaka huo tufanye kinyume. Chama cha raga, shirikisho la michezo la vyuo vikuu na serikali ya kaunti wakae mapema waiweke Jumamosi ya tarehe 14 kwenye ratiba, mashindano ya vyuo, pale pale kwenye uwanja wa maonyesho. Waandike majina ya timu kwenye mabango kuanzia Juni. Na basi la kutoka Njoro lilipiwe mafuta mapema, kabla mtu yeyote hajajua nani ameshinda.